Mshauri wa Udhibiti wa Mbu Akae Msimu Mzima

Mjini Kibaha, katika eneo la viwanda la TAMCO, kipo kiwanda kinachotengeneza viuadudu vya kibaiolojia vya kuua viluwiluwi vya mbu. Kilijengwa kwa teknolojia ya Cuba chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa, kikazinduliwa mwaka 2015, na kimeelezwa kuwa na uwezo wa kuzalisha lita milioni sita kwa mwaka. Mwaka 2017 Rais John Magufuli alikitembelea na kuzitaka halmashauri zinunue dawa hiyo. Kwa hiyo wakazi wa Kibaha, pamoja na majirani zao wa Kisarawe, hawawezi kusema kwamba dawa iko mbali nao.

Hata hivyo, mvua za masika zinapoanza, vyumba vya kungojea vya zahanati na vituo vya afya vya wilaya hizi hujaa akina mama waliobeba watoto wenye homa. Mhudumu hutoboa kidole, husubiri kipimo cha haraka, huandika katika rejista ya MTUHA, hutoa dawa mseto na kumwita anayefuata. Mtoto hupona, hurudi kulala katika nyumba ileile, karibu na dimbwi lilelile. Baada ya wiki kadhaa jina lake huandikwa tena.

Pengo lililopo kati ya geti la kiwanda na dimbwi la jirani ni pengo la mwongozo. Dawa ipo, lakini haijaelezwa inavyotakiwa imwagwe wapi, lini, kwa kiasi gani, na nani, na nani atakagua kwamba imefanya kazi. Ndiyo maana wazo la kuajiri mshauri mwelekezi wa kusaidia kuandaa mwongozo wa kudhibiti wadudu waenezao magonjwa ni wazo jema, na halmashauri zinazolifikiria zinastahili kuungwa mkono. Hofu iliyopo ni kwamba wazo jema linaweza kuharibiwa na mkataba mbaya. Mshauri anayekuja kwa wiki mbili, akazungumza na maofisa, akatembelea madimbwi matatu na kuondoka akiwa ameahidi taarifa, hawezi kuandika mwongozo unaofaa kwa Kibaha wala Kisarawe. Anayeweza kuuandika ni yule atakayeyaona maji ya maeneo haya katika majira yote ya mwaka.

Maji hubadilika, na ushauri hubadilika nayo

Shirika la Afya Duniani limeweka wazi tangu mwongozo wake wa mwaka 2013 kwamba kuua viluwiluwi ni hatua ya nyongeza. Hatua za msingi ni vyandarua vyenye dawa na upuliziaji wa dawa ukoko ndani ya nyumba. Sababu yake ni ya kibaiolojia. Kimelea cha malaria huhitaji takriban siku kumi au zaidi ndani ya mwili wa mbu kabla mbu huyo hajaweza kumwambukiza mtu. Chandarua chenye dawa humwua mbu aliyekomaa, na hivyo hupunguza idadi ya mbu wanaofikia umri wa kuambukiza. Dawa ya viluwiluwi hupunguza idadi ya mbu wanaozaliwa, lakini haiwagusi walio tayari angani. Kwa hiyo Shirika hilo hupendekeza hatua hii mahali ambapo mazalia ni machache, hayahamihami, na yanaweza kupatikana kwa urahisi.

Masharti hayo matatu yanasomeka kirahisi mpaka mtu afike shambani. Mkoa wa Pwani una mvua za vuli, kwa kawaida kati ya Oktoba na Desemba, na mvua za masika kati ya Machi na Mei. Mshauri akifika mwezi Agosti atakuta ardhi kavu, na maji yamebaki katika visima vya wazi, kingo za mito, mabwawa ya kunyweshea mifugo na mifereji ya maji machafu. Ataona mazalia machache yasiyohama, na kwa uaminifu kabisa ataandika kwamba dawa imwagwe kila mahali. Mshauri huyohuyo akifika mwezi Aprili atakuta kila wayo wa ng'ombe, kila mkondo wa tairi na kila shimo la kufyatulia matofali limejaa maji. Ataandika, kwa uaminifu uleule, kwamba kazi haiwezekani. Taarifa zote mbili zitakuwa za kweli kwa mwezi wake, na zote zitakuwa na makosa kwa mwaka mzima.

Mbu wenyewe nao hutofautiana. Jamii ya Anopheles gambiae hupenda madimbwi madogo yenye jua, yanayotokea mvua inaponyesha. Anopheles funestus hupenda maji ya kudumu yenye majani na kivuli, kwa hiyo anaweza kuendeleza maambukizi hata msimu wa kiangazi, wakati watu wengi wameacha kutandika vyandarua kwa sababu hawasikii mlio wa mbu. Mbu wa Culex huzaliana kwenye vyoo, makaro na mifereji iliyoziba. Ndiye anayewakera wakazi wa mjini usiku, na katika pwani yetu ndiye pia huhusishwa na kueneza matende na mabusha. Aedes aegypti hutaga kwenye ndoo, mapipa, vifuu vya nazi na matairi yaliyotupwa, huuma mchana, na hueneza homa ya dengue iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Mshauri asiyewatofautisha mbu hawa atatoa ushauri mmoja kwa matatizo manne.

Kibaha si moja, na Kisarawe si Kibaha

Wanaozisoma wilaya hizi kwenye ramani huziona kama kitu kimoja kilichopakana na Dar es Salaam. Wanaofanya kazi humo wanajua vinginevyo. Kibaha Mjini imejipanga kando ya barabara ya Morogoro, kutoka Maili Moja hadi Tumbi na kuendelea. Ni mji unaojengwa kwa kasi: misingi ya nyumba iliyoachwa wazi, mapipa ya maji ya mafundi, makaro yasiyofunikwa vizuri, mitaro ya barabara iliyojaa takataka. Hapa mazalia mengi yametengenezwa na mkono wa binadamu, na mengi yanaweza kuondolewa bila tone moja la dawa. Mtaro ukizibuliwa, shimo likifukiwa na pipa likifunikwa, kazi imekwisha.

Katika Halmashauri ya Wilaya ya Kibaha, yenye makao yake Mlandizi, hali ni nyingine. Bonde la Mto Ruvu hufurika, maji hupungua, na vidimbwi hubaki katika mashamba na mabonde kwa wiki nyingi. Hakuna anayeweza kuufukia mto. Hapo ndipo swali la dawa ya kibaiolojia linapokuwa swali la kweli: ni eneo lipi karibu na makazi linaweza kufikiwa kila wiki, na lipi litaachwa kwa sababu ni pana mno.

Kisarawe ina sura ya tatu. Mji wake uko juu, karibu na vilima vya Pugu na msitu wa Kazimzumbwi, lakini vijiji vyake vimetawanyika kuelekea Maneromango, Mzenga na mbali zaidi kusini. Nyumba ziko mbalimbali, na njia nyingi hazipitiki kwa urahisi wakati wa masika. Kumtuma mtu akamwage dawa katika kila dimbwi kila wiki kwa umbali huo kunaweza kugharimu zaidi ya kile kitakachookolewa. Huenda mwongozo bora kwa vijiji hivyo ukasema waziwazi kwamba fedha ziende kwenye vyandarua, kwenye wavu wa madirishani na kwenye upatikanaji wa vipimo, na dawa ya viluwiluwi ibaki kwa vitongoji vichache vyenye visima na mabwawa yanayojulikana. Mshauri anayelipwa kwa siku chache ndani ya ukumbi wa halmashauri hatathubutu kuandika sentensi kama hiyo. Atakayethubutu ni aliyetembea.

Somo lililo jirani

Haihitajiki kusafiri mbali kutafuta mfano. Mradi wa kudhibiti malaria mijini Dar es Salaam ulioanza mwaka 2004 ulitumia dawa za kibaiolojia za Bti na Bs, ukianza kuzimwaga katika kata tatu mwaka 2006 na kuendelea kupanuka. Kazi ilifanywa na wakazi wa mitaa yenyewe, kila mmoja akiwa na eneo lake lililochorwa kwenye ramani, akilizungukia kila wiki. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba mahali dawa ilipomwagwa, maambukizi ya malaria yalipungua kwa kiasi kikubwa.

Lakini mradi huohuo ulifundisha jambo ambalo halisemwi mara nyingi. Watafiti walipofuata nyuma ya wakaguzi wa mitaa, waligundua kwamba wakaguzi waliyaona takriban theluthi mbili ya madimbwi yaliyokuwapo, na kati ya madimbwi yaliyokuwa na viluwiluwi vya Anopheles walivitambua katika sehemu ndogo tu. Nyua za nyumba zilikuwa kikwazo kikubwa, kwa sababu mkaguzi asiyefahamika hafunguliwi geti. Funzo lake ni wazi: mafanikio yalitokana na usimamizi, ramani, marudio ya kila wiki na ukaguzi wa mkaguzi. Dawa ilikuwa ileile kwa mtu mzembe na kwa mtu makini.

Tabia ya dawa yenyewe inalithibitisha hilo. Bakteria wa Bti hutengeneza vipande vidogo vya protini ambavyo kiluwiluwi hulazimika kuvila. Vikifika tumboni mwake, penye hali ya alkali, hugeuka kuwa sumu inayoharibu ukuta wa utumbo, na kiluwiluwi hufa. Havimdhuru binadamu, ng'ombe wala samaki wakitumia maji hayo kwa kawaida. Uzuri huo unaambatana na udhaifu: nguvu ya Bti hupungua ndani ya wiki moja au mbili, na mdudu aliyekwisha kufikia hatua ya pupa hali tena, hivyo dawa haimfikii. Kwa kuwa mbu anaweza kukua kutoka yai hadi kuruka ndani ya wiki moja hadi mbili katika joto la pwani, kumwaga dawa mara moja kwa mwezi ni sawa na kuacha kizazi kizima kipite. Bs hudumu muda mrefu zaidi katika maji machafu na humfaa zaidi mbu wa Culex, lakini imekwisha kuonekana katika nchi nyingine kwamba mbu huyo anaweza kuizoea. Mwongozo usiosema haya kwa lugha nyepesi humfanya mtumiaji adhani dawa ni mbovu, ilhali ratiba ndiyo mbovu.

Je, kwa nini aajiriwe mtu?

Wapo wanaouliza, na wana haki ya kuuliza, kwa nini halmashauri ilipe mshauri wakati ina maofisa afya mazingira, waratibu wa malaria na Mganga Mkuu. Maofisa hao wanajua kila kitongoji, wanajua nani ana kisima wapi, na mwenyekiti gani wa kijiji anaitisha mkutano ukajaa. Hakuna mgeni atakayewazidi kwa hilo.

Kile ambacho wengi wao hawakupewa nafasi ya kujifunza kwa vitendo ni elimu ya mbu. Kutambua kwamba kiluwiluwi cha Anopheles hulala sambamba na uso wa maji, na kile cha Culex huning'inia kichwa chini kikipumua kwa mrija, ni ujuzi wa asubuhi moja. Lakini bila ujuzi huo mtu anaweza kutumia dawa ya mwaka mzima kwenye makaro na asipunguze hata mgonjwa mmoja wa malaria. Kupima kama mbu wa eneo wameizoea dawa iliyomo kwenye vyandarua kunahitaji maabara. Swali hilo si dogo: usugu wa mbu dhidi ya dawa za jamii ya pairethroidi umeenea nchini, na utafiti uliofanyika Misungwi, Mwanza, ulichangia Shirika la Afya Duniani kupendekeza mwaka 2023 vyandarua vyenye mchanganyiko wa dawa mbili. Halmashauri inapaswa kujua mbu wake wako upande gani kabla haijapanga bajeti.

Neno mshauri nalo lisiwatishe watu wakafikiria mgeni aliyeshuka kwenye ndege. Tanzania ina Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ina Taasisi ya Afya Ifakara ambayo ina kituo Bagamoyo, ndani ya mkoa huuhuu wa Pwani, na ina vyuo vikuu vinavyofundisha elimu ya wadudu na vimelea. Mtaalamu anayefaa anaweza kuwa mwendo wa saa mbili kutoka Mlandizi. Hata gharama haiongezeki kwa kulazimisha msimu mzima. Siku thelathini za kazi zinaweza kulipwa zote mwezi mmoja, au zikagawanywa katika safari nne: vuli, kiangazi kifupi cha mwanzo wa mwaka, masika, na kipupwe. Malipo yanaweza kuwa sawa, isipokuwa nauli kidogo, na thamani ikawa tofauti kabisa.

Kinachopaswa kuandikwa kwenye mkataba

Hadidu za rejea ndizo huamua kama mshauri ataacha mwongozo au ataacha kitabu cha kabatini. Yapo mambo ambayo halmashauri za Kibaha na Kisarawe zisiyaachie hiari.

Kwanza, hadidu ziandikwe pamoja na wale watakaotumia mwongozo. Ofisa afya wa kata, mhudumu wa afya ngazi ya jamii na mtendaji wa kijiji waulizwe ni uamuzi gani wanashindwa kuufanya leo. Mwongozo ujibu maswali hayo kabla ya mengine yote.

Pili, mshauri awe na mwenzake wa halmashauri katika kila safari, ofisa mmoja anayetajwa kwa cheo ndani ya mkataba. Kipimo cha kazi kiwe kwamba katika safari ya nne ofisa huyo ndiye anayeongoza ukaguzi, na mshauri anatazama. Awamu ya mwisho ya malipo ifungamane na hilo.

Tatu, takwimu, ramani na picha zibaki kuwa mali ya halmashauri na zikabidhiwe katika hali ambayo ofisa anaweza kuzifungua na kuzirekebisha. Ramani iliyobaki kwenye kompyuta ya mshauri ni ramani iliyopotea.

Nne, kila pendekezo liandikwe pamoja na gharama yake, mtu atakayelitekeleza, na kile kitakachopunguzwa ili fedha zipatikane. Pendekezo lisilo na gharama huwafurahisha wajumbe wa Baraza la Madiwani siku linaposomwa, kisha hufa siku ya bajeti.

Tano, mshauri awe na ruhusa ya kusema hapana. Mwongozo utaje maeneo ambayo dawa isimwagwe, na sababu zake. Kwa hoja hiyohiyo, asiajiriwe mtu au kampuni inayouza dawa, vyandarua au mabomba ya kupulizia, wala mwenye maslahi katika biashara hiyo. Kiwanda kilichopo Kibaha ni fahari ya nchi na kinastahili soko. Lakini soko lake la kudumu litajengwa na ushauri unaoaminika, na ushauri unaoaminika hautoki kwa muuzaji. Mfumo wa ununuzi wa umma wa NeST unazitaka halmashauri zishindanishe wazabuni kwa uwazi. Tamko la maslahi liwe sehemu ya ushindani huo.

Sita, mwongozo uandikwe kwa Kiswahili tangu rasimu ya kwanza. Ukiandikwa kwa Kiingereza na kutafsiriwa baadaye, mara nyingi tafsiri hiyo haifiki. Pamoja na kitabu kikubwa kwa ajili ya Timu ya Uendeshaji wa Huduma za Afya, iwepo karatasi moja kwa kila kata: madimbwi yaliyotambuliwa, nani anakwenda lipi, siku gani, na simu apigiwe nani dawa ikiisha.

Saba, halmashauri tatu ziajiri kwa pamoja. Mtu anayeishi Kibaha huenda analima Kisarawe na kufanya biashara Dar es Salaam. Miongozo mitatu isiyozungumza itamwacha katikati.

Rejista ina neno la kusema

Kuna chanzo kimoja cha taarifa ambacho mshauri mzuri atakiomba siku ya kwanza, na ambacho wahudumu wa afya ndio wenye ufunguo wake. Rejista za MTUHA zinaandika makazi ya mgonjwa. Haziandiki alikolala. Kwa kuwa dalili za malaria kali ya falsiparamu kwa kawaida huanza wiki moja hadi mbili baada ya kuumwa na mbu mwenye vimelea, swali lenye maana ni hili: ndani ya wiki mbili zilizopita, mama, wewe na mtoto mlilala wapi? Jibu linaweza kuwa kwamba walikwenda msibani Maneromango, au walikaa shambani bondeni Ruvu kulinda mpunga. Mganga akiandika jibu hilo pembeni mwa jina, baada ya miezi mitatu halmashauri itakuwa na ramani ya maambukizi ambayo hakuna mshauri angeweza kuichora peke yake.

Swali hilo huchukua nusu dakika. Ni kweli kwamba nusu dakika kwa wagonjwa themanini ni muda mrefu kwa mhudumu aliye peke yake zamu nzima. Kwa hiyo isiwe amri ya kuongezea mzigo; iwe kazi ya wiki moja katika kila msimu, katika vituo vichache vilivyochaguliwa, na mshauri alipie msaidizi wa kuandika. Jambo la msingi ni kwamba zahanati isitazamwe kama mahali panapopokea matokeo ya mbu. Ni mahali panapoweza kuonyesha mbu walipo.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Mkaguzi akigonga geti, afunguliwe, mradi aonyeshe kitambulisho na awe ametambulishwa na mwenyekiti wa mtaa. Mwenye kisima amweleze kisima kilipo bila hofu ya kutozwa faini, maana faini ikitangulia elimu, watu huficha maji. Mwenye mapipa ayafunike. Na hata mtaani dawa ikimwagwa kila wiki, chandarua kisikunjwe: dawa ya dimbwini haimzuii mbu aliyeruka kutoka mtaa wa pili. Wahudumu walirudie neno hili kwa kila mzazi, kwa kuwa mara nyingi hatua mpya ikianza, watu huiacha ile ya zamani.

Kile kilicho hatarini

Tanzania imepiga hatua ambayo haipaswi kudharauliwa. Tafiti za kitaifa zilionyesha kuwa kiwango cha maambukizi ya malaria kwa watoto walio chini ya miaka mitano kilikuwa takriban asilimia 14 mwaka 2015 hadi 2016, kikashuka hadi takriban asilimia 7 mwaka 2017. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta takriban asilimia 8. Namba hizo zinasema kwamba mteremko umesimama. Vyandarua na dawa mseto vimetufikisha hapa, na kuvuka kutoka hapa kutahitaji kila halmashauri ijue maji yake, mbu wake na watu wake kwa undani ambao maelekezo ya jumla kutoka makao makuu hayawezi kuutoa.

Wakati huohuo fedha za afya ni chache, na mikataba ya ushauri ni miongoni mwa matumizi ambayo wananchi huyatilia shaka haraka. Halmashauri ikilipa mshauri, kisha masika yajayo yakakuta kila kitu kama kilivyokuwa, hasara haitakuwa ya fedha pekee. Madiwani watakataa pendekezo lijalo, hata likiwa zuri. Ofisa afya kijana atajifunza kwamba taarifa huandikwa ili zikamilike. Na mtoto yule ataandikwa tena kwenye rejista.

Mafanikio ya mshauri yasipimwe kwa unene wa taarifa wala kwa ubora wa jalada lake. Yapimwe mwaka mmoja baada ya yeye kuondoka, katika wiki ya pili ya mvua, katika ofisi ya kata yoyote ya Kibaha au Kisarawe. Akiingia mtu na kuuliza nani anakwenda kwenye dimbwi gani kabla ya Ijumaa, ofisa aweze kunyoosha mkono kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, na jina la aliyekwenda wiki iliyopita liwe limekwisha kuandikwa kando yake.